Mdogo wangu kafungwa miaka 30, na shamba la baba tumenyang'anywa: rufaa inaanzia wapi?

Shikamoo Wakili,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa mnadani huku Kanda ya Ziwa. Naandika kwa niaba ya mama yangu ambaye hajui kusoma, na ya mdogo wangu ambaye sasa yuko gerezani.

Mdogo wangu ana miaka 26, alikuwa anaendesha bodaboda. Mwaka juzi duka la kijiji cha pili lilivamiwa usiku, wakachukua pesa na simu, mwenye duka akakatwa panga mkononi. Siku nne baadaye polisi wakamkamata mdogo wangu na vijana wengine wawili. Kwake hawakukuta kitu. Mwenye duka alisema mahakamani kwamba alimtambua kwa mwanga wa taa ya sola iliyokuwa dukani, na kwamba anamjua kwa sura kwa sababu hupita pale na pikipiki. Mmoja wa wale vijana naye alimtaja kwenye maelezo aliyoandikwa polisi. Mdogo wangu akajitetea kuwa usiku ule alikuwa matangani kwa baba yetu mdogo, kijiji kingine kabisa, akalala huko. Hakuwa na wakili na hakuita shahidi hata mmoja. Akahukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Nilikuwepo. Hakimu alisoma kwamba mshtakiwa ameshindwa kuthibitisha kuwa alikuwa msibani. Sasa ni wiki ya nne. Watu waliolala naye matangani wapo, na wako tayari kwenda kusema mbele ya jaji.

Hilo ni moja. Wiki mbili kabla ya hukumu hiyo tulishindwa kesi ya shamba. Baba alifariki 2016 akaacha ekari tatu. Mwaka 2018 jirani akaanza kulima upande mmoja, akasema baba alimuuzia, akatoa karatasi yenye dole gumba. Mama alimshtaki kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenyekiti akampa jirani shamba lote, hata upande ambao mama ana nyumba. Juzi dalali wa mahakama ameleta notisi: mama ahame ndani ya siku 14.

Nimeuliza watu kuhusu rufaa. Mmoja kaniambia siku ni 10, mwingine 30, mwingine 45. Kuna kaka mmoja hushinda pale nje ya mahakama na mkoba wake, yeye kasema siku ni 90 nisiwe na haraka. Anataka milioni moja na nusu azishughulikie kesi zote mbili pamoja, anadai anafahamiana na watu wa karibu na jaji. Nimeshauza mbuzi. Je, nimpe? Na mashahidi wa matangani niwapeleke lini? Na mama ahame au asihame wakati tunakata rufaa?

Dada mwenye mafaili mawili, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba mwanangu. Nilikupigia siku ileile niliyosoma barua yako, kwa sababu kuna jambo lisingeweza kusubiri safu hii. Sasa naandika kwa kirefu, kwa ajili yako na kwa wengine wenye mafaili kama yako.

Kilichonifanya nishike simu ni shamba, wala si kesi ya mdogo wako. Wewe umekaa na uchungu wa miaka 30, na ni haki yako, lakini kwa kalenda faili la shamba ndilo lililokuwa linaungua. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 45 tangu hukumu. Wiki nne ukijumlisha na mbili unapata siku 42. Huyo kaka wa mkoba aliyekwambia siku 90 angekuua kwa kukupa matumaini.

Cha ajabu ni kwamba wote waliokutajia siku walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa anaizungumzia kesi nyingine. Siku 30 ni za mtu aliyehukumiwa Mahakama ya Mwanzo anayekwenda Mahakama ya Wilaya, na pia ni muda wa kutoa taarifa ya rufaa unapotoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani. Siku 90 ni za kesi za madai za kawaida zilizoamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kwa mdogo wako, aliyetiwa hatiani na Mahakama ya Wilaya kwa kosa la jinai, kuna hesabu mbili: siku 10 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, ikiwa na sababu zake.

Siku hizo 45, kwa mafaili yote mawili, hazihesabu muda mliokuwa mnasubiri nakala za hukumu na mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki yao bila kujua. Muda wa kusubiri huondolewa ikiwa tu kuna ushahidi wa lini uliomba na lini ulipewa. Kwenda kwa karani, akakwambia "rudi wiki ijayo", ukarudi nyumbani, hakuachi alama yoyote. Andika barua, hata ya mistari mitatu kwa mkono. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo. Ukikabidhiwa nakala za kesi, hakikisha tarehe ya kukabidhiwa nayo imeandikwa. Karatasi hiyo yenye muhuri inaweza siku moja kuwa na thamani kuliko wakili.

Ukichelewa kabisa, bado unaweza kuomba Mahakama Kuu ikuongezee muda. Mlango huo upo, lakini ni mwembamba. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi, na kesi inayotajwa zaidi ni ya Lyamuya Construction ya 2010, kwamba mwombaji aeleze kila siku aliyochelewa, aonyeshe hakuzembea, au aonyeshe kwamba hukumu anayoilalamikia ina kasoro ya wazi ya kisheria. Kusema "sikujua sheria" hakujawahi kutosha. Kusema "mtu fulani nje ya mahakama aliniambia siku 90" hakutoshi pia.

Kwa mdogo wako, jambo la kwanza utakapomtembelea ni kumuuliza: je, ulisaini taarifa ya kukata rufaa pale gerezani? Mara nyingi maofisa wa magereza huwasainisha wafungwa wapya fomu hiyo siku za mwanzo, na mfungwa mwenyewe, kwa mshtuko alionao, hata hakumbuki. Sheria inamruhusu mfungwa kupitisha rufaa yake kwa mkuu wa gereza, naye ana wajibu wa kuifikisha mahakamani. Ikiwa hakusaini, ombi la kuongezewa muda lifanywe sasa. Mahakama huwa zinazingatia kwamba mtu aliyefungwa hana uhuru wa kujipeleka masjala, na hilo litamsaidia, mradi msikae miezi.

Sasa tuje kwenye mashahidi wako wa matangani, maana hapo ndipo nilipoona umeielewa rufaa kama watu wengi wanavyoielewa: kwamba ni kesi kuanza upya mbele ya mtu mkubwa zaidi. Sivyo. Jaji hatamwita mwenye duka tena. Hatawaita wale waliolala msibani. Atafungua jalada, atasoma alichoandika hakimu wakati mashahidi wanazungumza, atasoma vielelezo, atasoma hukumu, kisha atamsikiliza mdogo wako na Wakili wa Serikali wakibishana juu ya yale yaliyomo humo. Kisichokuwemo, kwake hakipo.

Usikate tamaa lakini, kwa sababu rufaa ya kwanza si ya kukagua nukta na mkato. Tangu enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ile iliyohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, msimamo ni kwamba anayekata rufaa ya kwanza ana haki ushahidi wote upimwe upya na mahakama ifikie uamuzi wake yenyewe. Kesi ya Pandya ya 1957 na ya Okeno ya 1972 bado zinatajwa mpaka leo, Dar es Salaam na Nairobi vilevile. Kuna tahadhari moja tu: jaji hakumwona shahidi akitokwa jasho au akisitasita, hakimu ndiye aliyemwona. Kwa hiyo pale ambapo hakimu ameandika kwamba alimwamini fulani kwa jinsi alivyozungumza, jaji huwa mzito kumpinga. Lakini kama maneno ya shahidi yanagongana yenyewe kwa yenyewe, au yanagongana na ya shahidi mwingine, hilo linaonekana kwenye karatasi, na jaji hahitaji kumwona mtu uso ili aligundue.

Ushahidi mpya kwenye rufaa sheria inauruhusu, ila kwa nadra mno. Lazima uwe ushahidi ambao kwa juhudi za kawaida usingeweza kupatikana wakati wa kesi, uwe na uzito wa kuweza kubadilisha matokeo, na uonekane wa kuaminika. Watu wa matangani mdogo wako aliwajua kwa majina tangu siku ya kwanza. Ombi lenu litakwama kwenye sharti hilo la kwanza, nakwambia mapema usije ukawalipia nauli bure.

Kuna swali bora zaidi: kwa nini hakuwaita? Hakimu anapoona kuna kesi ya kujibu, sheria inamtaka amweleze mshtakiwa haki zake: kujitetea kwa kiapo au bila kiapo, na kuita mashahidi wake. Jibu la mshtakiwa huandikwa. Kwa kijana asiye na wakili ukurasa huo una uzito mkubwa sana. Ukipata mwenendo wa kesi, utafute. Kama hakuna mahali palipoandikwa kwamba alielezwa haki ya kuita mashahidi, hiyo ni sababu ya rufaa yenye nguvu, na kwa njia hiyo watu wako wa msibani wanaweza hatimaye kusikilizwa, kwa sababu jalada huweza kurudishwa hatua ile ya utetezi.

Na lile ulilolisikia kwa masikio yako, kwamba mshtakiwa "ameshindwa kuthibitisha" alikuwa msibani, liandike pembeni kwa kalamu nyekundu. Mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha alikuwa wapi. Kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka kuanzia mwanzo hadi mwisho. Utetezi wa kuwa mahali pengine unatakiwa utolewe taarifa mapema, na usipotolewa mahakama inaweza kuupa uzito mdogo au kutoupa kabisa. Wakili wa Serikali atalishika hilo. Lakini kuupa uzito mdogo ni jambo moja, na kumgeuzia mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha ni jambo jingine. Pata maneno kamili ya hukumu. "Nilimsikia hakimu akisema hivi" si sababu ya rufaa, ukurasa wa ngapi na mstari wa ngapi ndiyo sababu.

Kiini cha kesi hii, kwa maoni yangu, ni taa ya sola. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kwa asili yake, na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Yakatajwa maswali ambayo kila hakimu anatakiwa ajiulize: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa aina gani? Alikuwa akimfahamu kabla? Kesi zilizofuata zimekaza zaidi: haitoshi kusema kulikuwa na taa, shahidi aeleze taa ilikuwa wapi na iliangaza kwa nguvu kiasi gani. Taa za sola za madukani zinatofautiana, nyingine unasomea, nyingine huoni hata chenji mkononi. Kama mwenye duka alisema tu "palikuwa na taa ya sola" na hakimu hakumuuliza wala kupima zaidi, pana pengo hapo.

Halafu zile siku nne. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya 2002 ilielezwa kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni dalili muhimu ya kuaminika, na kuchelewa kumtaja, au kushindwa kabisa, kunapaswa kuifanya mahakama ijiulize. Unasema mwenye duka alimjua mdogo wako kwa sura. Je, usiku ule, majirani walipokuja mbio na alipopelekwa hospitali, alimtaja au alimweleza kwa yeyote? Alipofika polisi siku ya kwanza, aliwaambia nini? Angalia kama askari aliyepokea taarifa alitoa ushahidi na alisema nini. Huenda jibu likawa dhidi yenu: huenda alimtaja usiku uleule, na siku nne ni za kumtafuta tu. Ni afadhali uligundue wewe leo kuliko kulisikia kwa Wakili wa Serikali siku ya kusikilizwa.

Kuhusu yule kijana aliyemtaja polisi, sheria ya ushahidi inasema mtu asitiwe hatiani kwa kutegemea tu ungamo la mshtakiwa mwenzake. Linaweza kuongezea nguvu ushahidi mwingine, haliwezi kusimama peke yake. Kwa hiyo unaona jinsi rufaa hii inavyokaa: utambuzi wa taa ya sola ukianguka, maelezo ya polisi yanabaki hayana cha kuegemea, na shaka ikibaki, sheria inampa mshtakiwa.

Nikuonye na upande wa pili. Mahakama Kuu inaweza kukubaliana kwamba kulikuwa na kasoro lakini ikasema haikumnyima mtu haki, ikaitupa rufaa. Inaweza kufuta mwenendo na kuamuru kesi isikilizwe upya, akarudi mahabusu, na kwa kosa hili dhamana hakuna. Tangu kesi ya Fatehali Manji ya 1966 kanuni ni kwamba kesi isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake, na wakili mzuri ataisisitiza. Kwa makosa mengine mahakama ya rufaa inaweza pia kuongeza adhabu. Kwa mdogo wako miaka 30 ndiyo kiwango cha chini kisheria, kwa hiyo msitegemee kupunguziwa: ama hatia inafutwa au kupunguzwa kuwa kosa jingine, ama kifungo kinabaki. Na usishangae siku hiyo Wakili wa Serikali akisimama na kusema anaunga mkono rufaa. Hutokea, wakiona ushahidi wao haukutosha. Jaji halazimiki kumfuata, lakini ni neema.

Sababu zote ziwekwe sasa. Mkishindwa Mahakama Kuu mnaweza kwenda Mahakama ya Rufani, mbele ya majaji watatu, lakini rufaa ya pili husikiliza hoja za kisheria tu. Pale ambapo mahakama mbili za chini zimekubaliana juu ya jambo lililotokea, majaji hao hawaligusi isipokuwa kama ushahidi ulieleweka vibaya kabisa. Hoja mliyoiacha kwenye rufaa ya kwanza, kama si ya kisheria, hawataisikiliza kwa mara ya kwanza kule.

Tuje kwa mama na shamba. Msingi unabadilika. Kwenye jinai shaka moja ya maana inamfungua mtu. Kwenye shamba, mahakama inatazama upande upi ushahidi wake ni mzito zaidi, basi. Kwa hiyo kusema karatasi ya jirani ina dole gumba lisiloeleweka hakutoshi peke yake kama mama naye hakuleta kitu. Jaji atapima: nani alishuhudia mauziano hayo, serikali ya kijiji ilihusika, bei ililipwa vipi, na kwa nini mnunuzi alinyamaza mpaka mwenye shamba alipokufa, akaanza kulima miaka miwili baadaye. Hilo la mwisho mimi ningeliweka juu kabisa kwenye sababu za rufaa.

Ulizia pia wazee wa Baraza. Mwenyekiti alitakiwa kukaa na wajumbe hao, na maoni yao yasomwe wazi mbele ya wadaawa, yaani pande zote mbili za kesi, kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo mizima ya mabaraza kwa sababu maoni hayo hayakusomwa. Lakini elewa ushindi wa namna hiyo ni wa aina gani: kesi inarudi mwanzo. Shamba halijawa lenu.

Kuna jambo linanikosesha raha zaidi, na hukulitaja. Je, mama aliteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi ya baba? Shamba unaliita la baba. Mjane au mtoto, hata kama ana haki moyoni mwa kila mwanakijiji, hana uwezo wa kushtaki kwa niaba ya mali ya marehemu mpaka awe msimamizi aliyethibitishwa. Kama hakuwa, na kama alidai shamba kwa jina la marehemu, jaji anaweza kuliona hilo mwenyewe bila jirani kulisema, akafuta kila kitu. Likitokea hilo, hukumu ya jirani nayo itakuwa imekufa, lakini mama itabidi aanze upya: kikao cha ukoo kiandike muhtasari, afungue shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo akiwa na cheti cha kifo, ateuliwe, ndipo ashtaki. Na kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12, ambao kwa shamba ambalo marehemu alilishikilia mpaka kufa huhesabiwa tangu siku ya kifo. Baba alifariki 2016. Mwisho ni 2028. Shauri la mirathi lisisubiri rufaa iishe, lianze mwezi huu.

Kuhusu dalali: rufaa haisimamishi utekelezaji. Watu wengi wametolewa vyombo nje wakiwa wameshika risiti ya rufaa mkononi. Lazima mama apeleke maombi tofauti ya kusimamisha ukazaji wa hukumu, yakiwa na hati ya kiapo, na kwa kuwa notisi ni ya siku 14, yaambatane na hati ya dharura. Aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa asiyoweza kufidiwa kirahisi, na nyumba anayoishi mama mzee ni mfano mzuri, kwamba hakuchelewa, na kwamba yuko tayari kutoa dhamana mahakama itakayoona inafaa. Mpaka amri hiyo itoke, dalali anayo haki ya kuja. Ikitoka, mpelekeeni nakala mkononi, msidhani ataisikia redioni. Jueni pia kwamba kwenye madai anayeshindwa rufaa kwa kawaida hubebeshwa gharama za mwenzake. Kwa mdogo wako hakuna gharama za namna hiyo.

Mafaili haya mawili hayatakwenda pamoja, hata kama yataangukia kwa jaji mmoja. Wakili mmoja anaweza kuyashika yote, ila si lazima. Kama fedha ni za mbuzi mmoja, ningeziweka kwenye ada na maombi ya dharura ya shamba, na kwa mdogo wako ningetafuta msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza kwa watoa huduma waliosajiliwa, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania hupokea kesi za wasio na uwezo. Nenda na nakala za hukumu zote mbili, mienendo, barua zenye mihuri, notisi ya dalali, na cheti cha kifo cha baba. Sheria tangu 2021 inataka Kiswahili kitumike mahakamani, lakini ukikabidhiwa mwenendo wa Kiingereza, umwombe mtu akusomee mstari kwa mstari, usikubali muhtasari.

Na huyo kaka wa mkoba. Huku kwetu tunawaita vishoka, na unajua kwa nini. Anayekwambia anawajua watu wa jaji anakuuzia moja kati ya vitu viwili: uongo, au rushwa ambayo wewe ndiye utakayefungwa nayo. Usimpe pesa, usimpe namba za majalada, na kama umeshamwachia nakala yoyote, ifuate. Mahakama ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki mawakili, na mtu yeyote mwenye simu ya kupapasa anaweza kuutumia. Muulize jina lake kamili na namba yake ya uwakili, ulitafute mbele yake. Akikataa kutaja, au jina likikosekana, ofisi ya TAKUKURU ya wilaya inapokea taarifa bure.